Sukari Iliyotoka kwa Mlango wa Uani

Mambrui,
kwa njia ya Posta ya Malindi.
Alhamisi, 12 Februari 1987

Mpendwa kaka yangu Amin,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza pokea shikamoo yangu, na mkono wako naubusu kutoka huku mbali. Je, hujambo? Bega lako limepoa? Na wifi Mwanakombo na watoto wanaendeleaje na hilo joto la Maskati, ambalo kila anayerudi hulisimulia kama kwamba yeye ndiye aliyeliwasha? Huku nako kaskazi imekaza na visima vimeshuka. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila kiu tu. Namaliza mtungi mzima kabla ya adhuhuri, na chooni naenda kama niliyetumwa. Ni joto.

Mwandiko huu uucheke ukimaliza kusoma, si kabla. Ni wangu mwenyewe, wa darasa la ngumbaru. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie kwa herufi za kupendeza, lakini mambo haya hayataki mdomo wa tatu. Mambrui ukinong'ona jikoni, unajibiwa kisimani.

Mizigo yako imefika kwa mkono wa Abdillahi, jirani yako wa huko. Kopo la halwa lilikuwa limebonyea lakini halikuvuja, Mungu akuzidishie. Na ile bahasha ya Seif nimeipata imefungwa vilevile ulivyoifunga. Umeniandikia kwamba ndani yake unamtaka ndugu yetu amwache mkewe Tumu, na kwamba nisimkabidhi mpaka niwe na yakini, kwa sababu talaka si kanzu ya kuvua ukaivaa tena. Basi bahasha iko ndani ya kasha langu, chini ya kanga za Idd. Na yakini uliyoitaka ndiyo hii nakuandikia. Soma uhukumu mwenyewe.

Seif hali yake si nzuri. Kitindamimba wetu ulimwacha na mashavu na shingo. Siku hizi kanzu ndiyo inayomvaa yeye. Bado anakaa barazani kwenye charahani yake, lakini kidole gumba cha mguu wa kulia kina kidonda tangu Maulidi na hakitaki kufunga. Kilianzia kwenye kanyagio la charahani, na yeye anasema hakusikia maumivu, aliona damu tu. Niambie, kaka, mtu gani anachubuliwa na chuma asisikie, kama hakufanyiwa kitu?

Hospitali wanasema ni kisukari. Mimi sibishani na watu waliosoma. Lakini nauliza, kisukari chenyewe kimetoka wapi?

Tulipokuwa watoto ugonjwa huu ulikuwa na heshima zake. Ulimshika mtu mmoja mwenye mashamba na watumishi, na watu wakauita ugonjwa wa shibe. Juzi nimekaa nikahesabu kutoka msikiti wa Ijumaa mpaka ufukweni, nikapata nyumba kumi na moja zenye mgonjwa. Kumi na moja! Vidole vya mikono viliniishia. Yumo mwalimu wa madrasa, yumo yule bibi mpika mikate ya mofa, na wamo wauza samaki wawili ambao shibe wanaisikia kwa jirani. Wala si sisi watu wa mwambao peke yetu. Unamkumbuka Kombe, yule Mgiriama wa Magarini aliyekuwa akituletea mihogo? Aliacha shamba akaenda kulinda hoteli ya Wazungu Malindi. Miaka minne tu ya soda na makombo ya hoteli, naye sasa anatembea na vidonge mfukoni. Kwao, nasikia, ugonjwa huu hata jina haukuwa nalo.

Wako wanaosema ni mafuta ya kopo. Wako wanaosema ni maji ya mfereji yametiwa dawa, na wengine wanasema ni mikate hii myeupe, au kwamba watu siku hizi wanapanda gari hata kwenda kuzika. Mimi nashuku vyote hivyo. Ila watu nawashuku zaidi.

Kwa mfano, mwezi wa Desemba walikuja watu wa afya, wakiongozwa na muuguzi mmoja wa Kigiriama anayeitwa Priscilla, ana zahanati ndogo upande wa Magarini. Wakagawa vichupa nyumba hadi nyumba. Wanataka mkojo wa kila mtu mzima, ati wajue ugonjwa umeongezeka kiasi gani tangu walipohesabu mara ya kwanza. Nikawaza, mtu mwenye akili zake atampa mgeni mkojo wake na jina lake limebandikwa juu? Nywele na kucha tunazifukia, itakuwa mkojo? Basi sisi wanawake wa safu yetu tukakubaliana kimyakimya. Jirani yangu ameoza mwanawe, na bi harusi mwenyewe, Nana, ni msichana mzima kama kigogo wala hana wasiwasi na mtu. Yeye ndiye aliyejaza vichupa vyote saba. Priscilla akaandika, akatushukuru, akaenda zake. Majibu yalipokuja, safu yetu nzima ilikuwa safi. Tulicheka mpaka kanga zikatuvuka.

Sasa nakuja kwa Tumu.

Lakini kwanza mkumbuke Baba. Kumbuka kiu ile, alivyokuwa akinywa maji na bado anaomba maji. Kumbuka alivyokonda, na sisimizi walivyojipanga kwenye choo chake. Na umkumbuke mke wake mdogo, Mama Kache, aliyetoka Magarini, jinsi alivyokuwa akimnyima uji wa sukari na kumpikia majani machungu ambayo mbuzi angeyakimbia. Hatukumchelewesha. Arobaini ya Baba haikufika, wewe ulibeba sanduku lake mpaka njia panda, na mimi nikafagia nyayo zake uani zisibaki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mpaka leo nasema tulifanya haki.

Na yaleyale yamerudi, kaka, kwa mlango uleule. Huyu Tumu ni mtu wa Kibarani kule Kilifi, watu wake hatuwajui vizuri. Miaka sita amekaa na ndugu yetu kwa adabu, nami nilimsifu, utakumbuka. Lakini tangu Seif aanze kuugua amekuwa mwanamke mwingine.

Anampa mumewe chai kavu. Nimeiona kwa macho yangu na nimeionja, haina hata chembe ya sukari, ni kama kunywa maji ya kuoshea sufuria. Mume mgonjwa, aliyekonda, ndiyo chai anayostahili? Mchana ni pojo na mchicha na kipande cha samaki, wali anampimia kwa kikombe. Nikamwuliza, "Tumu, hamna mchele humu ndani?" Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ninaouogopa, "Upo, wifi, lakini haumfai."

Halafu kuna sukari yenyewe. Wajua desturi yetu, hakuna anayekwenda kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Kila anayekuja anakuja na kilo ya sukari na majani ya chai. Nyumba ya Seif ilipaswa iwe kama ghala. Iko wapi hiyo sukari? Nimemwona mwenyewe, mara mbili, akiitoa kwa mlango wa uani ndani ya kikapu, kaifunika na ukuti. Haki ya mgonjwa inatoka kwa nyuma kama kitu cha wizi.

Na hayo ni madogo. Kila alasiri anamkalisha mumewe karibu na dirisha, anaikamata miguu yake, anaigeuza nyayo na kuzikodolea macho, anapitisha vidole katikati ya vidole, huku midomo yake inacheza kama anayehesabu. Kaka, wewe unajua nyayo za mtu hutakiwa na nani na kwa kazi gani.

La mwisho ndilo lililoninyima raha. Kila Jumamosi Tumu anachukua mkojo wa mumewe kwenye chupa, anaufunga kwa kitambaa, anauweka kwenye kikapu na kwenda nao kwa miguu upande wa Magarini. Magarini, alikotoka Mama Kache. Lisemwalo lipo, na hili halijasemwa na mtu, nimeliona mimi.

Basi nimefanya linalonipasa dada. Jumatatu na Alhamisi Tumu huenda Malindi kupeleka nguo zilizoshonwa, hurudi saa kumi. Siku hizo mimi nakwenda na sinia langu. Namwekea Seif kaimati zilizolala ndani ya shira, na mkate wa sinia, na chai ya maziwa ya hiliki yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Tangu kopo lako lije namkatia na halwa. Leo ni Alhamisi, nimetoka kwake sasa hivi. Anakula, kaka! Anakula hata anaramba vidole. Mwanzo alikuwa akikataa, "Dada, Tumu akijua atanuna." Nikamwambia, "Mimi nilikubeba mgongoni kabla Tumu hajazaliwa." Akacheka, akavuta sahani. Ukimwona anavyokula utajua ni mtu aliyekuwa akiuliwa kwa njaa. Kidonda hakijapata nafuu, kweli, tena leo kilikuwa kinanuka, lakini hiyo si ajabu, mimi nampa siku mbili na yule ana siku tano.

Na sasa ameanza na mimi. Wiki ya tatu hii sisimizi wamevamia choo changu, wamejipanga kama wale wa Baba. Nimewamwagia mafuta ya taa, wanarudi. Mtu amenitupia kitu pale, na ni nani mwenye sababu ila yeye anayejua kwamba namchunguza? Kikulacho ki nguoni mwako.

Barua naiacha wazi. Keshokutwa ni Jumamosi. Nitamfuata nimwone anakoupeleka mkojo wa ndugu yangu, na nikishaona nitakuandikia hapa chini, na jioni ileile Seif atapata bahasha yake.

Jumanne, 24 Februari

Kaka, nimekaa siku kumi na mbili bila kuishika kalamu. Nilitaka kuichana barua hii nianze nyingine yenye adabu. Kisha nikaona hapana, uisome kama nilivyoiandika, umjue dada yako.

Jumamosi ile nilivaa buibui la zamani nikamfuata Tumu kwa mbali. Yeye anatembea kama mtu mwenye miadi, na mimi nyuma, jua limekamata utosi. Nilibisha hodi nyumba tatu kuomba maji. Nyumba ya tatu yule mama wa Kigiriama aliniangalia nilivyomaliza kata ya pili akaniuliza, "Mama, wewe huumwi?" Nikaona ufidhuli. Nikamjibu mimi nina kiu tu, kama watu wote.

Tumu hakuingia kwa mganga. Aliingia kwenye nyumba ya matofali yenye bati, na akina mama wamepanga foleni kwenye ubao wa kukalia. Nikajibanza dirishani. Ndani nikamwona Priscilla, yule yule wa vichupa. Alichukua dawa ya rangi ya samawati kwenye kichupa chembamba cha kioo, akadondosha matone machache ya mkojo, akakipasha juu ya taa ya spiriti. Ile samawati ikageuka kijani, ikageuka manjano, ikaishia nyekundu kama tofali. Priscilla akatikisa kichwa. Tumu akatoa daftari la shule kwenye kikapu. Kumbe dawa ileile anayo nyumbani, amefundishwa, kila siku jioni anapima mwenyewe na kuandika rangi.

Nilimsikia Priscilla akisoma kwa sauti, kidole kiko kwenye daftari. "Jumapili kijani. Jumatatu nyekundu. Jumanne bado nyekundu. Jumatano kijani. Alhamisi nyekundu. Ijumaa nyekundu." Akafungua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake, yaleyale. Akasema, "Mama Tumu, dawa anakula, chakula wamtunza, miguu wamwangalia. Lakini Jumatatu na Alhamisi kuna mtu amwua huyu. Hizo siku, nani yuaingia kwako?"

Siku za sinia langu, kaka. Nilishika ukuta.

Tumu alilivuta daftari lake akalifunga. Halafu akajibu, na nakuandikia kama alivyosema: "Watu wengi wapenda kumtazama mgonjwa. Siwezi kumtaja mtu." Priscilla akamwambia, "Wamjua." Tumu akasema, "Namjua. Ni mtu ampendaye kuliko mimi. Nitamwambiaje?"

Nilitaka ardhi initafune. Miezi miwili nimekuwa nikikuandikia wewe ili mwanamke huyu afukuzwe, naye alikuwa anajua kwamba ni mimi ninayebeba sinia, na alikataa kulitamka jina langu mbele ya mgeni.

Nikaingia. Sikujua nitasema nini, nikasema la kwanza lililonijia: "Sukari unayoitoa kwa mlango wa uani unaipeleka wapi?" Hata hapo, kaka, hata hapo bado nilikuwa namtafutia kosa. Tumu hakushtuka. Akanisogezea ubao nikae. "Naibadilisha dukani, wifi. Kwa pojo na samaki. Natoa kwa uani kwa sababu walioileta wakiiona watasema nimewatupia heshima yao." Kisha akatazama chini akasema, "Wewe ungesema nini?"

Ningesema, na ningesema msikiti mzima usikie. Alijua.

Priscilla alinieleza polepole, bila kunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Kwamba sukari ikizidi damuni miguu hufa ganzi, mtu akachubuliwa asisikie. Kwamba ndiyo maana nyayo hutazamwa kila siku, chini na katikati ya vidole, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hatasikia. Kwamba kidonda kikilishwa sukari hakifungi. Nikamwuliza kama kuna dawa ya majani machungu. Akasema bibi zake walikuwa wakiwapa watu wenye kiu isiyoisha, na kuwanyima vitu vitamu, hawajui jina la ugonjwa lakini wameona kwamba utamu unaudhi. Kaka, alisema hayo kama mtu anayezungumza habari za mvua. Hakujua amenipiga wapi.

Alhamisi iliyofuata hospitali ya Malindi ilimkata Seif kidole gumba na kile kinachofuata. Wanasema walikiwahi, mguu umebaki. Yeye anauliza atakanyagaje charahani, naye Tumu anamwambia kisigino kipo. Mimi nilikaa nje kwenye ukuta, nikalia. Visu ni vya daktari, lakini vidole vile nimevikata mimi, kwa kaimati. Nililia mbele za watu wala sikujifunika.

Siku ile ya zahanati kulikuwa na jambo moja zaidi. Nilipokuwa nataka kuondoka Priscilla alifungua daftari lake kubwa, lile la hesabu ya Desemba. Akasema Mambrui ugonjwa umepanda kuliko alivyotarajia, kila mtaa, isipokuwa safu moja inayomshangaza, wanawake saba na wote safi kabisa, kama wasichana. Anataka kuja kujua tunakula nini. Akanitazama. "Na wewe si ni wa safu hiyo, mama?"

Tumu alikuwa ananitazama pia. Habari za Nana anazijua, nani asiyezijua. Nikamtazama yule muuguzi na kalamu yake, na nikamkumbuka mama wa nyumba ya tatu na kata yake ya maji. Mficha uchi hazai. Nikasema, "Nipe chupa."

Ile dawa haikuhitaji kupashwa sana. Ilipita kijani bila kusimama. Nyekundu yangu ilikuwa nzito kuliko ya Seif.

Basi ukaniona mimi, binti wa mtu, mpelelezi wa Mambrui, nimefuata mkojo wa ndugu yangu mpaka Magarini kwenda kukutana na wa kwangu. Wale sisimizi hawakutumwa na mtu, walifuata sukari ya mkojo wangu. Nyani haoni kundule. Nilirudi safu yetu nikawaambia wenzangu wote, na Nana akaambiwa hajazi tena cha mtu. Wawili wamekwenda. Mmoja hasemi nami, anadai nimewauza kwa Wagiriama. Wengine wanasema niliingiwa na kitu njiani. Mtu anayeshuku hapungukiwi na sababu, kaka, mimi ndiye ninayejua. Hata mafuta ya kopo bado nayashuku, na maji ya mfereji sijayaachia.

Lakini lile la Baba ndilo lisiloniacha. Nimelirudia kichwani, kila kipande kimeingia mahali pake: kiu, sisimizi, uji ulionyimwa, majani machungu. Mama Kache alikuwa anamtibu kwa alichokijua. Sisi ndio tuliokuwa tukimpitishia asali kwa dirisha alipokuwa kisimani, unakumbuka? Wewe ulisimama nje, mimi nilipokea. Tulikuwa tunampenda Baba. Baada ya hapo tukamtoa mjane wa watu bila eda kwisha, na mimi nikafagia nyayo zake.

Nimeuliza Magarini. Priscilla amenisaidia kuuliza. Yu hai. Yuko kwa mwana wa nduguye, Karisa, ni mzee, haoni sawasawa. Anasemekana kila aletewapo sukari huuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, asije akaionja. Sijathubutu kwenda peke yangu.

Bahasha yako ya Seif nimeitia humu ndani, haijafunguliwa. Ichome kwa mkono ulioiandika. Tumu hajui kuwa iliwahi kuwepo, na siku nikipata moyo nitamwambia. Na pale ulipo pakiwa na hospitali, nenda ukapime, usitume mkojo wa mtu. Kiu yako ya mwaka juzi ulipokuja likizo naikumbuka, sote tuliilaumu safari.

Usiniletee halwa. Wala usiache kuja. Likizo yako ikipatikana kabla ya Ramadhani, tutakwenda kwa Mama Kache sote watatu, wewe na mimi na Seif, tukapige magoti, maadamu miguu bado tunayo. Wewe utatangulia mlangoni, maana ni wewe uliyebeba sanduku.

Nisalimie sana wifi Mwanakombo, na wanao wote kwa majina yao. Abdillahi mshukuru kwa mzigo. Seif anakuamkia, ana mto chini ya mguu na anamtania daktari kwamba kiatu kimoja amepunguziwa bei. Nana anawapa salamu, na Tumu anakupa shikamoo. Amekaa hapa karibu nami sasa hivi, anaitazama miguu yangu dirishani, katikati ya vidole, na midomo yake inahesabu. Ameniletea chai. Haina sukari. Ninainywa.

Mungu akuhifadhi ugenini, akufungulie njia ya nyumbani, na akusamehe pamoja nami.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja, nikupendaye hata nikiwa nimekosa,

Mahfudha